DJ wa Kibanda Umiza Amenishinda Kufundisha

Naomba nianze kwa kukiri. Kwenye laptopu yangu kuna folda nimeiita "Assignment Semesta ya Pili". Ndani yake hakuna assignment hata moja. Kuna muvi arobaini na tatu, na zote zimetafsiriwa na ma-DJ. Nimezificha humo tangu mwaka wa kwanza kwa sababu moja tu: aibu.

Mwezi uliopita siri ilifichuka. Mwenzangu wa chumba aliazima laptopu achape kazi yake, akaifungua ile folda akidhani atapata cha kukopi. Akabonyeza faili la kwanza. Sauti ya DJ ikajaa chumba kizima: stelingi ameingia mjini, majambazi wanamsubiri, na yeye wala hana habari. Walicheka mpaka wa chumba cha jirani wakaja kuuliza kuna nini. "Yaani wewe, mwaka wa tatu, mwalimu mtarajiwa, bado unaangalia muvi za kutafsiriwa?" Tangu siku hiyo naitwa Kibanda Umiza. Jina lenyewe sijalikataa, ila nimeona niandike, kwa sababu kwenye kile kicheko kuna kitu kinatuhusu sisi tunaosomea ualimu kuliko tunavyofikiri.

Mimi sinema nilizisikia kabla sijaziona. Nimekulia Igoma, Mwanza. Nikiwa darasa la tatu, mama alikuwa akigandisha barafu za ubuyu kwenye friji ya jirani, na mimi ndiye niliyeziuza. Soko zuri lilikuwa nje ya kibanda cha video: mabati pande zote, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao na TV moja ya chogo. Kiingilio shilingi mia mbili. Mama alishanikataza kuingia. Humo, alisema, hakuna mtoto wa kike, na siku akisikia nimeingia nitakiona cha moto. Basi nilikaa nje na deli langu, mgongo kwenye bati la moto, nikasikiliza.

Hivyo ndivyo nilivyoijua Titanic. Niliisikia kwa sauti ya Lufufu, ambaye kwa wasiomjua ni mmoja wa waasisi wa kazi hii hapa Tanzania. Sikuona meli wala bahari. Lakini nilijua binti ni wa kitajiri na kijana hana kitu, nilijua mama wa binti anawaza nini, na meli ilipoanza kuzama nilisahau barafu zangu zikayeyuka. Nilichapwa kwa hasara ile. Miaka mingi baadaye, nikiwa kidato cha nne, niliitazama Titanic yenyewe kwa shangazi, kwa Kiingereza chake. Kila kitu nilikuta nakijua. Kasoro moja tu: sikuelewa wanasema nini.

Kazi hii si ya kwetu peke yetu. Uganda wanawaita ma-VJ na wanasimulia kwa Kiganda. Kenya wana DJ Afro, ambaye hata huku kwetu ana wafuasi. Sisi tuna DJ Murphy na wengine wengi wanaouzwa kwa flashi pale laibrari za muvi, singo mia tano, sizoni elfu moja. Hapa chuoni wote tunajua laibrari hizo zilipo, na wote tunajifanya tumepita tu kutoa kopi.

Ukiwauliza wenzangu kwa nini hawapendi muvi za kutafsiriwa, watakuambia DJ anaharibu, anaongeza chumvi, anafunika muziki. Ni kweli kabisa. Lakini mtu anayechukia chumvi hachekwi hivyo na watu kumi. Kinachochekwa ni kitu kingine: kwamba ukihitaji Kiswahili ili uelewe, basi hujasoma. Kuangalia muvi bila DJ ni cheti. Nimewahi kukaa kwenye chumba cha wasichana sita tukiangalia sizoni ya Kimarekani, mtu anatoa utani, wote tunacheka. Baadaye nikamuuliza mmoja mmoja utani ule ulikuwa unahusu nini. Watatu hawakujua. Mimi nilikuwa wa nne.

Sasa twende fildi, ambako ndiko nilikofundishwa adabu.

Mwaka wa pili nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kata mkoani Kagera. Jiografia, kidato cha tatu, wanafunzi sabini na wanne kwenye chumba kimoja. Mada niliyoikuta ni nguvu za ndani ya dunia: milima ya volkano, mikunjo ya miamba, matetemeko ya ardhi. Nilifurahi. Nikasema hawa watoto ni wa Kagera, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipiga kwao. Hapa sina haja ya kutafuta mfano.

Niliingia na andalio la somo safi, na Kiingereza changu nilichokifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikauliza tetemeko ni nini. Kimya. Nikauliza nani anakumbuka la mwaka 2016. Kimya. Nikaeleza mwenyewe, nikachora ubaoni, nikaandika neno "epicentre" kwa herufi kubwa, nikauliza kama tumeelewana. Darasa zima likaitika kwa pamoja: "Yes madam!" Mwalimu yeyote anayesoma hapa anajua itikio hilo maana yake ni nini. Maana yake ni: tuache tupumzike.

Mapumziko nikatoka. Nyuma ya darasa, chini ya mti, wavulana kama ishirini wamezunguka mtu mmoja. Nikasogea nikidhani wanapigana. Katikati alikuwa kijana wa dawati la mwisho, ambaye kwa wiki mbili nilikuwa sijasikia sauti yake. Alikuwa anasimulia muvi. Mikono inapaa, magoti yanakunjwa, sauti inapanda na kushuka. Bwawa linapasuka, watu wanakimbia, jamaa na helikopta anamfuata mkewe juu ya ghorofa. Nikaitambua: San Andreas, muvi ya mwaka 2015, ile ya The Rock. Alikuwa ameitazama Jumamosi kwenye kibanda cha senta.

Nusu saa iliyopita nimemuuliza tetemeko ni nini akainamisha kichwa. Sasa anaeleza tetemeko kwa mpangilio: lilianzia wapi, likafuata wapi, kwa nini la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, maji ya bahari yalikujaje. Kimeanza nini, kikasababisha nini. Hilo ndilo lengo mahususi nililoandika kwenye andalio langu la somo, neno kwa neno.

Jioni ile nilikwenda senta kuitafuta nakala ileile, nikaitazama kwenye chumba nilichopanga, peke yangu, daftari mkononi kama niko lekcha. Nilitaka kujua huyu DJ amefanya nini ambacho mimi sikufanya. Nikaona mambo manne.

Kwanza, hatafsiri kila neno. Anakutambulisha watu mwanzoni: huyu ni fulani, ameachana na mkewe, binti yao ni yule, shika hapo. Pili, anatumia vitu vya kwetu. Umbali anaupima kwa safari unazozijua, hela anazitaja kwa shilingi. Tatu, neno la Kiingereza likiwa muhimu halitupi. Analisema kama lilivyo, kisha analifafanua, na litakaporudi mara ya pili analiacha ulitambue mwenyewe. Nne, anajua kunyamaza. Ghorofa linapoanguka hasemi kitu.

Ndugu zangu wa shule kuu ya elimu, haya yote tumeyasoma. Anza na kinachojulikana uende kwenye kisichojulikana. Tumia mazingira ya mwanafunzi. Msamiati mpya utangulizwe na kurudiwa. Tumeyaandika kwenye mitihani ya semesta tukapata alama zetu. Yule DJ hajawahi kukaa kwenye lekcha hata moja, na anayafanya usiku akiwa na maikrofoni na feni.

Lakini kuna sehemu aliyonishangaza kwa ubaya. Katika muvi ile yumo profesa wa matetemeko, anayeigizwa na Paul Giamatti. Yeye ndiye anayeeleza kwa nini ardhi inatikisika. Alipoanza maelezo yake, DJ alisema maneno kama haya: hapo wanaongea mambo yao ya kisayansi, sisi tusubiri kazi ianze. Akaruka. Dakika zote zile profesa anaongea, DJ anapiga stori nyingine.

Nikasimamisha muvi. Nilikaa pale nikaiangalia ile picha iliyoganda, profesa mdomo wazi. Hapo ndipo kazi yangu ilipo. DJ ametoa kila kitu: hofu, mkasa, watu, mpangilio. Alichoacha ni kwa nini. Na mimi ninayelipwa posho ili niseme kwa nini, nilikuwa nalisema kwa lugha ambayo wasikilizaji wangu hawana.

Jumatatu niliingia bila andalio. Niliwaambia tuongee San Andreas. Darasa likalipuka. Yule kijana nikampa dakika kumi asimulie mbele, kisha nikasema: sasa ile sehemu DJ aliyoiruka naisema mimi. Nikawaeleza kwamba ganda la nje la dunia limegawanyika vipande vikubwa tunavyoviita mabamba. Kule California bamba la Pasifiki na lile la Amerika Kaskazini yanapishana ubavu kwa ubavu, kama daladala mbili zinazopishana kwenye kichochoro na kukwaruzana. Yakinasa, nguvu inajikusanya kwa miaka. Yakiachia ghafla, ardhi inatikisika. Kwetu Afrika Mashariki ni tofauti: hapa ganda linavutwa huku na huku, linaachana kidogo kidogo, na ndiyo maana tuna Bonde la Ufa.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Madam, mbona mwaka ule hapa ardhi haikupasuka likawa shimo kama la kwenye muvi?" Nikamwambia kwa sababu muvi imedanganya. Mabamba yanayopishana ubavu hayafungui korongo namna ile, yanasuguana. Hata lile wimbi kubwa linaloingia San Francisco ni chumvi, kwa sababu tsunami kubwa huhitaji sakafu ya bahari inyanyuke au ishuke, na ufa ule kwa sehemu kubwa uko nchi kavu na unakwenda kwa upande. Wakacheka kwamba The Rock ametudanganya sote. Kisha wakaanza kusimulia ya kwao. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mmoja alikuwa shambani na bibi. Mwingine alikuwa ndani amelala, akatolewa na kaka yake kupitia dirishani. Mmoja alisema ukuta wa jikoni ulimwangukia mbuzi, darasa likanyamaza, kwa sababu wote walikuwa na cha kukumbuka siku ile. Kengele ililia tukiwa bado tunaongea.

Baada ya hapo nikaandika maneno ya Kiingereza ubaoni, moja moja, na kila neno lilikuta pa kukaa. Ile "epicentre" walinitajia wao: ndipo pale juu ya ardhi, mahali palipo karibu zaidi na mahali mtikisiko ulipoanzia chini.

Wiki iliyofuata mkaguzi wangu kutoka chuoni alikuja. Niliogopa. Nikarudi kwenye Kiingereza changu cha kioo, darasa likarudi kwenye "Yes madam" yake. Nilipata alama nzuri. Kwenye fomu aliandika kwamba nina umudu mzuri wa lugha.

Najua hoja zinazokuja, na baadhi ni za haki. Kuna watakaosema Kiingereza kinajifunzwa kwa kukisikia. Ni kweli. Rafiki yangu mmoja wa Sheria anaapa kwamba Kiingereza chake amekipata kwenye Prison Break, na akizungumza unaamini. Lakini mwulizeni alianzia wapi. Alianzia kwenye nyumba yenye king'amuzi, baba anaongea Kiingereza mezani. Sikatai Kiingereza. Nasema mtu hujifunza neno jipya akiwa tayari anajua kinachozungumzwa, na mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kama ilivyo katika shule za serikali tangu 1967, hawezi kuamka kidato cha kwanza akakuta kila somo limehamia ng'ambo na hakuna aliyebaki kumtafsiria njiani.

Wengine watasema ma-DJ wanakula jasho la wenye filamu, hawana haki wala kibali. Sina utetezi hapo. Wengi wao pia wana mdomo mchafu, hasa mwanamke anapotokea kwenye skrini, na mimi niliyekaa nje ya kibanda nikiwa mtoto niliyasikia yote kupitia bati. Siwaombei utakatifu. Lakini inawezekana kulifanya hilohilo kwa adabu na kwa kibali. Azam TV waliingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, Sultan ikiwemo, na mama yangu, aliyeishia darasa la saba, anaweza kukaa na wewe jioni nzima akakueleza kwa nini Sultan Suleiman alimuua mwanawe Mustafa, nani alinufaika, na baraza lilikuwa na hofu gani. Hiyo ni historia ya dola la Osmani. Nimekutana na watu wenye digrii ambao hawawezi kuieleza kwa lugha yoyote.

Halafu tunayo Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin na Denge wanaongea Kiswahili cha Zanzibar bila kumwomba mtu radhi. Filamu ile ilichaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na kule watazamaji wengi ndio waliosoma maandishi ya chini ili waelewe. Sijasikia kwamba yupo aliyechekwa chumbani kwake kwa sababu hiyo. Kuhitaji kutafsiriwa si ujinga. Kila mtu anahitaji, inategemea tu nani anaongea.

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye masomo yetu ya mbinu za kufundisha tujifunze waziwazi jinsi ya kuvuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndani ya kipindi kimoja, badala ya kufanya kwa kujificha kila mkaguzi anapotoka. Walimu wazoefu wote wanafanya, nimewaona. Wanachungulia dirishani kwanza. Hakuna aliyetufundisha kulifanya vizuri: lini uanze, neno gani uliache kwa Kiingereza, lini urudi. Mkaguzi akija, akague na hilo.

Nimalizie na yule kijana wa dawati la mwisho, kwa sababu mpaka leo hajanitoka kichwani.

Kabla sijaondoka tulitoa jaribio. Swali la nne lilitaka waeleze chanzo cha tetemeko la ardhi. Yeye aliandika ukurasa mzima. Mabamba yalikuwemo, kunasa na kuachia kulikuwemo, Bonde la Ufa lilikuwemo, hata kosa la muvi alilitaja. Aliandika kwa Kiswahili. Nilimpelekea mwalimu wa somo nikamuuliza nifanyeje. Alinitazama kwa huruma, nadhani alishawahi kuwa mimi. Akasema, "Mwanangu, utaratibu unaujua. Ukimpa alama hapa, mtihani wa taifa utamnyang'anya."

Nilimpa sifuri. Pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: Jibu ni sahihi. Siku ya kurudisha karatasi alisoma yale maneno, akatazama ile sifuri, akanitazama mimi. Hakuuliza kitu. Alikunja karatasi akaitia mfukoni, akarudi kule nyuma alikotoka.

Semesta hii nimebadilisha jina la folda yangu. Sasa inaitwa "Muvi za Kutafsiriwa", na anayetaka kukopi aje na flashi yake.